Pinyo Tuliyoitunzia Mlima

Mafuta ya mawese sili. Watu wa Shasha, ambako nauza samaki, wameshazoea. Mwanzoni walidhani nimepewa dawa yenye mwiko, wengine wakasema ni dini mpya. Siwaelezi. Lakini wiki iliyopita nilikuwa Nyabiondo kwenye kilio cha Bauma, na huko kukataa chakula cha kilio ni kumtukana marehemu. Masufuria yalipofunuliwa nikaona maharage yanaelea katika wekundu ule, nikatamani nitoke nikasimame kwenye mvua. Kwenye mkeka, mbele yangu, alikuwa ameketi Patro. Sasa ni mzee, mashavu yameporomoka, lakini alikuwa akichovya kidole cha shahada kwenye sahani iliyopita karibu naye na kukiramba hadi kwenye kiungo, kama alivyokuwa akifanya zamani. Kidole ni kilekile. Mate ya chumvi yalinijaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika. Watu husema umri hupunguza chuki. Yangu umri umeinenepesha.

Habari za ukoo wetu naziruka, hazimsaidii mtu. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa kijana mwenye mabega, na Patro alikuwa akitafuta mabega. Tulimwita Patro, yaani tajiri wetu, sote, hata mkewe mbele za watu. Alikuwa mtu wa Butembo, na nisisingiziwe: wafanyabiashara wa Butembo nimewajua wengi, Wakatoliki wa kupiga goti kweli, na wengine walinilisha vizuri kuliko ndugu zangu. Tatizo la Patro halikuwa Butembo. Tatizo la Patro lilikuwa Patro. Alinunua mawese Kashebere, upande wa Walikale, ambako joto la msitu linapenda michikichi, akayapandisha hadi Nyabiondo, upande wa Masisi, ambako kuna maharage na mihogo na baridi ya kutosha, lakini mafuta hakuna. Malori yalikuwa hayapiti, mvua ilikuwa imeila barabara. Mlima ulipandwa na baiskeli, na baiskeli moja ilikuwa kazi ya watu wawili. Hakuna aliyekaa juu yake. Mmoja alitembea ubavuni akishika fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Huyo alikuwa Bauma, mtoto wa wawindaji wa Walikale, mwembamba, mcheshi, mwenye kuimba nyimbo za kanisa kwa maneno aliyoyabadilisha. Mwingine alisukuma kwa nyuma, bega kwenye bidoni, yaani dumu la mafuta, kichwa kimeinama, na kutwa nzima haoni kitu isipokuwa matako ya mzigo. Huyo nilikuwa mimi.

Kiunoni nilifunga kabari ya mti mgumu. Bauma akiita "Kata!" niliitupa chini ya gurudumu la nyuma, baiskeli ikatulia, nasi tukapumua. Bila kabari hakuna kupumzika, na bila mtu wa nyuma hakuna kabari, maana wa mbele mikono yake yote imeshikwa. Ndiyo sababu watu wa njia ile walikuwa na desturi yao: mkifika mahali pa kula, sahani ni moja, na anayechovya kwanza ni msukumaji. Hata akiwa mdogo, hata akiwa mjinga, wa mbele anamngoja. Wenye vibanda vya chakula waliijua desturi hiyo, wakauliza kabisa, "Musukumaji ni nani?" ndipo wakageuza sahani. Patro peke yake hakuijali. Alikuwa anapita na pikipiki yake, anatukuta tumeketi, anainama bila kusalimu na kuingiza kidole kwenye mboga yetu. "Chumvi iko kidogo," anasema, anakwenda zake. Bauma alicheka. Mimi nilikata kipande chote kilichoguswa nikawatupia kuku.

Kashebere tulilala depoti, chumba cha mbao ambamo mawese yalikuwa yamemwagika miaka na miaka hadi sakafu ya udongo ikawa laini chini ya nyayo. Mikeka ilinata. Ukiamka asubuhi shuka linakufuata. Mende walikuwa wakubwa na wavivu, wameshiba, ukiwakanyaga wanatoa mafuta yaleyale. Harufu yake si ya mafuta mabichi yanayochemka, ambayo nakiri ni tamu. Ni harufu ya mafuta yaliyochacha, inayoingia kwenye nywele na kwenye mkate. Huko ndiko Patro alikokuwa anapimia mzigo. Alifungua bidoni moja moja, akaingiza kidole, akakiramba, akakiingiza kwenye bidoni inayofuata na mate yake yote. Sikumwona akikifuta hata siku moja. Halafu akaja mezani, akaunganisha mikono, kidole kinang'aa, akaomba Mungu kwa muda mrefu hadi ugali ukaota ngozi juu. Mafuta yale yaliuzwa hadi Masisi centre, na nikipita sokoni nikaona mama anamwagia mtoto wake kwenye chakula, nilikuwa nageuza uso.

Baiskeli yetu, kinga kama tulivyoiita, ilikuwa ya milimani, ya mitumba, imetoka Ulaya. Mbele ilikuwa na plato moja tu, yaani meno ya pale penye pedali. Nyuma ilikuwa na pinyo kadhaa, zile duara za meno zilizopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ingawa hata kubwa yake haikuwa kubwa. Kwa kuwa tulikuwa tunasukuma, vitesi vyote hivyo, yaani gia, vilikuwa mapambo. Kisha Patro akarudi kutoka Butembo na kitu kizito kimefungwa kwenye mfuko wa mchele. Akakifungua mezani, kati ya sahani. Ilikuwa kaseti, fungu zima la pinyo, na ile ya mwisho ilikuwa pana kuliko sahani ya mtoto. Aliigeuza mbele ya taa, akaipuliza, akaipangusa kwa kitambaa kilekile cha kufunikia ugali. "Na hii," akasema, "muntu anapanda mulima amekaa. Anakaa tu, miguu inazunguka, mulima inakuja chini."

Ukuta wa depoti ulikuwa wa mbao zenye nyufa, kwa hiyo mazungumzo ya nyumbani kwake tulikuwa tunayasikia kama redio. Jioni hiyo mkewe, Mama Kavira, alimwuliza, "Sasa wale wawili utawafanya je?" Patro alikuwa anachokonoa meno, nilisikia. "Wawili ya nini? Kinga iko na vitesi. Bauma atapanda. Ule Safari atakuwa anachuja mafuta, ao aende kwabo." Mama Kavira akasema, "Lakini mulima ni mulefu, Papa." Patro akacheka. Kando yangu gizani Bauma hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka unaonata, amekumbatia magoti. "Safari," akaninong'oneza, "na nani atanipigia kabari?" Kesho yake alimwuliza Patro hilohilo mbele ya watu. Alijaribu kwa methali, kwa heshima: "Patro, kidole kimoja hakivunji chawa." Patro akamjibu neno ambalo lilizunguka Kashebere nzima kwa kicheko: "Kinga yenye vitesi haipumzikake."

Fundi alikuwa Zefu, mtu mwema, ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza baiskeli nyeusi za kizamani, zile zisizo na vitesi. Nasema hivyo kwa sababu ndipo jambo lilipoharibikia. Kuifungua kaseti ya zamani hakuwa na ufunguo wake. Alitumia patasi na nyundo kwenye pete ya kufungia, huku mimi nimezungusha kipande cha sheni, yaani mnyororo, kwenye pinyo na kukikanyaga ili gurudumu lisigeuke. Ilitoka ikiwa na uchafu wa miaka, donge jeusi la mafuta na nywele za mbuzi. Kaseti mpya ikaingia kwenye mifereji yake vizuri, ikakaa, akaifunga. Watu walikuwa wameshajaa. Akarudisha gurudumu, akairudisha sheni ileile ya zamani na kuiweka kwenye pinyo ndogo, na sheni ikaning'inia. Watu wakapiga yowe. "Iko na tumbo! Sheni iko na mimba!" Sasa, kwenye baiskeli nyeusi, sheni iliyolegea ni aibu ya fundi. Unaibonyeza kwa dole gumba. Ikishuka sana, fundi huyo watu wanamwacha. Zefu akaona haya. Akachukua msumari na nyundo, akatoa vipingili, akaiunga tena, akabonyeza. Haikushuka. Akatoa vingine kwa uhakika. Ikawa imekaza hata ukiigonga inalia. Patro akaibonyeza kwa kidole chake kile, akakinusa, akasema, "Njo hivyo. Hii njo kazi."

Miaka baadaye, nikiwa Shasha, ndipo nilipojifunza kwamba sheni ya vitesi hupimwa kwa kuizungusha kwanza kwenye pinyo kubwa kuliko zote, na kwamba ikiwa kwenye ndogo ina haki ya kulegea. Kile kidude chenye magurudumu mawili kinachoitwa deraya kazi yake ni kuumeza ulegevu huo. Kwa ukubwa wa kaseti ile tulipaswa kuongeza vipingili. Sisi tulipunguza, tukapigiwa makofi. Na hata hivyo kosa lingeonekana palepale kama mtu angeijaribu pinyo kubwa mara moja tu. Bauma alitaka kuijaribu. Alizunguka uwanja wa soko, akabadilisha pinyo ya kwanza, ya pili, ya tatu, baiskeli inakwenda kama maji, na mkono wake ukawa unaelekea kwenye ya mwisho. Patro akamkemea. "Acha ile! Ile ni ya mulima. Weye unavalaka viatu ya misa mu shamba?" Watu wote wakakubali. Hata mimi niliona ni sawa. Kwetu kitu kipya hakichezewi, kinatunzwa kwa siku yake. Patro akaipaka pinyo ile mafuta ya mawese kwa kidole, meno yote kuzunguka, polepole, ulimi ukimtoka kidogo mdomoni. 

Siku ya mlima walimfungia Bauma bidoni nne kwenye baiskeli, akapanda. Nilimfungulia kabari yangu nikampa. Aliifunga kiunoni ingawa sote wawili tulijua haina maana kwake. "Basi nipate kusema niko na musukumaji," akasema, akimaanisha mimi. Patro alikuwa ametangulia kwa pikipiki pamoja na mkewe, kwenda kwenye nyumba yao ya Nyabiondo. Mimi nilifuata kwa miguu, nikibeba kitambaa cha kuchujia na sufuria, cheo changu kipya. Kwenye miteremko Bauma alinipotea, kwenye kona za mwanzo za mlima nikawa namwona juu yangu, ameinama, magoti yanazunguka haraka ajabu, anaimba. Watu waliokuwa wakisukuma baiskeli zao walisimama kumtazama. Nitasema kweli: ilikuwa nzuri kuangalia. Kisha akapita kona ya mwinuko mkali, sikumwona tena, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Yeye mwenyewe alinieleza baadaye. Alifika mahali miguu ikakataa, akaona siku ya pinyo ile imefika, akabonyeza. Sheni ikaanza kuipanda, ikavutika, haikuwa na pa kutoa urefu. Deraya ikanyooka mbele mpaka mwisho, ikang'oka pamoja na kipande cha fremu. Pedali zikawa hazishiki kitu. Akatia mguu chini, akakamata freni isimame, lakini rimu zilikuwa zimelowa mawese, na baiskeli ikaanza kurudi nyuma na bidoni zake nne. Aliita "Kata!" Aliniambia aliita kwa sauti yake yote, na kabari iko kiunoni mwake, na mikono yake yote iko kwenye usukani. Kumbe mimi nilisikia. Nilikuwa bado kona mbili chini, sufuria mikononi. Baiskeli ikamwangukia, mguu wa kushoto ukabaki chini ya mzigo.

Nilipofika, watu walikuwa wamenitangulia, nikamshukuru Mungu, nikadhani wamekuja kumwinua. Bidoni mbili zilikuwa zimepasuka. Mafuta yalikuwa yanashuka barabarani mekundu, yanapita juu ya mavi ya ng'ombe, yanaingia kwenye alama za miguu, na watu walikuwa wamepiga magoti kuyachota. Kwa vikombe. Kwa majani ya mgomba. Kwa kiatu cha mpira. Mama mmoja aliloweka kitenge chake na kukikamua kwenye beseni, akaloweka tena. Bauma alikuwa amelala kati yao, uso umekuwa wa kijivu, mfupa umetoka nje ya ngozi, na damu yake ilikuwa inashuka kwenye mfereji uleule, na hakuna aliyehama. Nikaita, "Munisaidie kuinua kinga!" Mwanamume mmoja akanijibu bila kugeuka, kwa upole kabisa, "Ngoja kidogo kaka, itaingia mu udongo." Niliinua peke yangu. Sijui kwa nguvu gani. Mabega yangu yalifanya siku hiyo kazi yao ya mwisho kwa Patro.

Naye akaja, pikipiki inateremka. Akazima. Akamtazama Bauma, akapiga ishara ya msalaba, hilo silikatai. Kisha akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye dimbwi lililokuwa kando ya mguu wa Bauma, akakiramba, akafikiri. "Ingali muzuri," akasema. Akageuka kwangu: "Safari, sufuria iko wapi? Na kitambaa?" Nilimwachia vyote viwili barabarani. Tulikata miti, tukafunga kitenge, tukafanya tipoyi, machela yetu, na wasukumaji waliokuwa njiani wakaacha mizigo yao na kumbeba hadi kituo cha afya Nyabiondo. Wasukumaji, si wale wa vikombe.

Jioni hiyo niliketi mezani kwa Patro, Nyabiondo, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Patro alimwombea Bauma. Aliomba kwa jina, akautaja na mguu, hata machozi yalimtoka, na nikaanza kujiona mbaya kwa kumchukia. Mama Kavira akaleta sombe, mboga ya majani ya mihogo. Ilikuwa nyekundu. Nikachovya, nikatia mdomoni, na kati ya meno yangu ikalia mchanga. Nikasimamisha taya. Mama Kavira alikuwa ananitazama, akainamisha macho, alijua. Patro alikuwa anatafuna, mchanga unalia na kwake pia, namsikia, anatafuna na kumeza. "Kula," akaniambia. "Chakula haina kosa." Nilitoka nje na kutapika nyuma ya jiko, nikatapika hata kilichokuwa hakipo. Asubuhi nilimuaga Bauma kituoni, nikashika njia ya Sake, nikaishia ziwani kwenye samaki. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese kwenye sufuria, mchanga unarudi kwenye meno yangu.

Mguu wa Bauma ulipona ukiwa umepinda. Hakusukuma tena, alilima maharage, akaoa, na mara nyingine akashuka hadi Shasha kununua sambaza, dagaa wa ziwa letu, anachechemea, anaimba. Nilimkaangia samaki kwa mafuta ya dukani. Alinicheka hadi akashika mbavu. "Kaka, mawese haikunivunja muguu! Mimi nakulaka kila siku. Weye njo ulivunjika." Nikamwambia anyamaze ale. Alikula, lakini kabla ya kugusa sahani alingoja nichovye kwanza. Kila mara. Hatukuwahi kulisema.

Basi kwenye kilio chake, Patro aliposimama kutoa neno, nilijua nitasikia la kuniudhi. "Huyu mutoto," akasema, "njo alikuwa wa kwanza kupanda ule mulima na vitesi. Na njo mimi niliileta ile kaseti." Watu wakaitikia kwa vichwa. "Sheni ilikuwa muzuri. Ilikazwa muzuri kabisa, mimi mwenyewe niliibonyeza. Mungu tu njo alitaka vile." Akaketi, ameridhika, akavuta sahani ya maharage iliyokuwa imewekwa katikati yetu, na kidole kikaanza safari yake. Nilikuwa nimeshakunja miguu ili niinuke niondoke, nimtukane marehemu kama ni kumtukana.

Furaha, mke wa Bauma, akanitangulia. Alikuja na kibakuli kilichofunikwa, macho yamevimba, akakiweka mbele yangu na kukifunua. Maharage meupe, maji na chumvi, na majani ya kitunguu juu. Hata tone la mafuta hakuna. "Alisemaka," akaniambia, "siku Safari atakuja ku kilio yangu, mumupikie yake kando. Na musimucheke, mimi tu njo niko na ruhusa ya kumucheka." Kisha akainama, akaushika mkono wa Patro, yeye mke wa mkulima, mbele ya wazee na katekista, akautoa juu ya sahani na kuuweka kwenye goti la mwenyewe.

"Papa, ngoja," akasema. "Musukumaji bado hayaanza."

Mikono yote ya mkekani ikarudi magotini. Patro alinitazama, kidole kimesimama juu ya goti, hajui akifute wapi. Nikachovya kipande cha ugali kwenye kibakuli changu, nikala polepole, na sikuharakisha kwa ajili yake.